Siku Baba Alipokalia Mbuzi ya Nazi

Jina lililoandikwa kwenye daftari la mashindano lilikuwa la mama. Alikwenda kujiandikisha mwenyewe, tumbo likiwa mbele, akamhakikishia Bibi Maendeleo, afisa aliyeandikisha majina, kwamba mtoto atazaliwa wiki mbili baada ya Sabasaba na kwa hiyo hakuna cha kumzuia. Mashindano yenyewe yalikuwa ya kukuna nazi. Mtaani kwetu Majengo hakukuwa na mwanamke aliyemfikia mama kwa kukuna nazi, naye alilijua hilo. Zawadi ya kwanza mwaka ule ilikuwa jiko la mafuta la tambi, jipya, la rangi ya kijani, na lilikuwa limewekwa kwenye dirisha la duka moja mjini ili watu walione kabla ya siku. Mama alilipitia dirisha lile hata alipokuwa na shughuli upande mwingine kabisa wa mji.

Mdogo wangu hakungoja. Alizaliwa siku tisa kabla ya sikukuu. Mama akaingia kwenye arobaini, na bibi, mama yake mama, akaja kutoka Madimba kumlea, na kuku wawili na kapu la mihogo. Bibi akiwa ndani ya nyumba, mzazi hatoki. Ni maji ya moto, uji wa pilipili manga, na kulala. Asubuhi ya Sabasaba mama alijaribu kusema kwamba kukuna nazi ni kazi ya kukaa, si ya kukimbia. Bibi alikuwa akimkanda mgongo. Hakuacha kukanda.

"Ntoto wa siku tisa," alisema. "Kaa utulie."

Bibi alisema "ntoto" na "nkono" na "nkwe" kama watu wote wa kwao, na neno lake likitoka hivyo lilikuwa limekwisha. Mama akatulia. Baadaye akamwita baba.

"Mpeleke mwanao akatazame maonyesho," alimwambia. "Toka huyu mdogo azaliwe, hakuna aliyemjali. Na ukipita kwenye mashindano, waambie wanifute jina."

Baba alikuwa kuli bandarini. Alibeba magunia ya korosho kutoka ghalani hadi gatini, na msimu wa meli ukifika aliondoka tukiwa tumelala na kurudi tukiwa tunasinzia. Alikuwa mrefu, mpole, mtu wa maneno machache, na nguo zake za Ijumaa alizipiga pasi mwenyewe. Nilimpenda, lakini nilimwogopa kidogo, kama mtu anavyomwogopa mgeni mwenye heshima. Nilikuwa na miaka sita, na sikumbuki kama kabla ya siku ile tulishawahi kukaa pamoja, mimi na yeye peke yetu, hata kwa saa moja.

Tukatoka baada ya adhuhuri. Alivaa shati jeupe na suruali ya kaki yenye mkunjo uliosimama kama ukingo wa rula. Mimi nilivaa gauni la Idi. Ilikuwa Julai, jua lipo lakini haliunguzi, na upepo wa kusi ulikuwa ukitupeperushia vumbi la njiani. Baba alinishika mkono bila kusema neno mpaka tukafika kiwanjani, na mimi nilihesabu hatua zake: moja yake, tatu zangu.

Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa makuti mabichi. Kila wilaya ilikuwa na kibanda chake, na kila kibanda kilijisifu. Palikuwa na mihogo mirefu kuliko mimi, korosho zilizopangwa kwa daraja kwenye sinia, trekta jekundu lililoruhusu watoto kupanda na kushika usukani, na fahali mmoja aliyefungwa pua ambaye watu walimzunguka kwa mbali. Baba alininunulia kipande cha muwa. Alinipandisha kwenye trekta, akasimama pembeni huku mkono wake uko tayari nyuma ya mgongo wangu. Nilimuuliza kama anaweza kuliendesha. Akafikiri kwa makini.

"Sijajaribu," alisema. Jibu lile lilinifurahisha sana, kwa sababu nilidhani baba hajibu maswali ya watoto.

Nikaanza kumuuliza kila kitu. Fahali analala saa ngapi? Nani anamfunga pua? Kwa nini huyu bwana amevaa soksi ndefu? Alijibu moja baada ya jingine, taratibu, kama karani anayejaza fomu.

Tulikawia kwenye ngoma. Watu wa bara walikuwa wameleta mapiko, ngoma yao ya vinyago, na mchezaji aliyevaa kinyago chenye nywele za kweli na meno yaliyochongwa alitoka ghafla kati ya watu, njuga za miguuni zikilia, akaja moja kwa moja upande wetu. Nilipiga ukelele. Baba aliniinua kwa mkono mmoja, akaniweka begani, na mchezaji alipotupita, kutoka juu kule nikakiona kinyago kwa nyuma: nilimwona mtu wa kawaida, shingo imelowa jasho, kitambaa kimefungwa fundo. Nikacheka. Sikutaka kushuka tena, na yeye hakunishusha. Ndiyo sababu tulifika kwenye mashindano wakati majina yameshaanza kusomwa.

Banda la mashindano lilikuwa upande wa mashariki wa kiwanja. Mbuzi nane za kukunia nazi zilikuwa zimepangwa mstari mmoja, kila mbuzi na beseni lake, panga, kikombe na nazi tatu zilizofuliwa tayari. Wanawake saba walikuwa wamekwisha kaa. Mbuzi moja ilikuwa tupu. Bibi Maendeleo, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ameshika daftari na kulisoma jina la mama kwa mara ya pili. Kando yake, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, lilikuwepo lile jiko.

Baba alipita katikati ya watu, mimi bado nipo begani.

"Huyo ni mke wangu," alisema. "Amejifungua. Ameniagiza nije afutwe jina."

Banda zima likajaa vigelegele. "Mtoto gani?" wanawake waliuliza kwa pamoja. "Wa kiume," baba akajibu, na vigelegele vikaanza upya. Bibi Maendeleo alitoa pongezi, akashusha kalamu kwenye daftari.

Nilikuwa juu ya bega la baba, sikuuona uso wake. Nilichohisi ni kwamba bega lilikuwa limetulia, na kichwa chake kimegeukia mezani.

"Samahani, mama," alisema. "Kuna sharti kwamba anayekuna awe mwanamke?"

Kalamu ikasimama. Bibi Maendeleo alifungua ukurasa wa mwanzo wa daftari akasoma kwa sauti ndogo. Nazi tatu. Kila mtu kwa mikono yake. Nazi isiwe na vipande vya kifuu. Beseni litapimwa. Alifunua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Halikuandikwa," alisema. "Sidhani kuna aliyefikiria kuliandika."

"Basi jina libaki. Nitamkunia mimi. Mikono ni ya nyumba moja."

Kicheko kilichopasuka pale kilivuta watu kutoka kwenye vibanda vingine. Mwanamke mmoja alisema atawachelewesha tu. Mwingine akasema aibu, mwanamume mzima. Lakini aliyekaa kwenye mbuzi ya jirani, mama mmoja mnene wa Mikindani mwenye mikono kama ya mfinyanzi, aliinua sauti juu ya wote.

"Mwacheni akae! Toka nizaliwe sijaona mwanamume akikuna nazi hadharani. Nisife bila kuona." Kisha akaitazama suruali ya baba, akafungua khanga yake ya juu, akamtupia. "Jifunge hii, shemeji. Huo mkunjo utaharibika."

Baba alinishusha, akanikalisha chini kwenye mkeka, karibu na beseni. "Kaa hapa," aliniambia. "Usiondoke, watu ni wengi." Kisha akajifunga khanga kiunoni. Ilikuwa nyekundu yenye maua meupe. Akakaa juu ya mbuzi ile ndogo, magoti yamepanda karibu na masikio.

Hapo ndipo wenzake wa bandarini walipomwona. Walikuwa kundi la watu sita au saba, wametoka kwenye kibanda cha bandari, na mmoja wao alitia vidole mdomoni akapiga mbinja.

"Kaka, hilo si gunia hilo!"

"Leteni winchi, hawezi kusimama tena yule!"

Masikio ya baba yalibadilika rangi, hilo niliona. Lakini hakugeuka. Alichukua nazi ya kwanza akaipima uzito mkononi, na Bibi Maendeleo akapuliza filimbi.

Aliigonga nazi kwa kisogo cha panga mara tatu, akiizungusha kiganjani baada ya kila pigo. Ilifunguka vipande viwili vilivyolingana kabisa. Maji yakamiminika kwenye kikombe bila tone kumwagika. Watu walikuwa wanacheka bado, lakini wanawake waliokuwa karibu waliacha kucheka. Wao walijua walichokiona.

Kisha akaanza kukuna. Mama alikuna kwa mkono mzima, bega likienda na kurudi. Baba alikuna kwa kifundo cha mkono peke yake. Kifuu kilizunguka kwenye meno ya mbuzi kwa mwendo mfupi, wa haraka, usiobadilika, na nazi ilishuka besenini ikiwa nyeupe, laini, bila hata uzi mmoja wa kahawia. Alipomaliza kifuu cha kwanza alikiweka kando bila kukitazama, na mkono wa pili ulikuwa umeshachukua kingine. Mama wa Mikindani alimwangalia mara moja kwa jicho la pembeni. Hakumwangalia tena. Aliongeza mwendo.

Wenzake wa bandarini sasa walikuwa wanapiga makofi kufuata mwendo wa mkono wake, kama wanavyofanya wakivuta kamba. Hata bwana shamba aliyekuwa akilinda mizani aliiacha mizani.

Na mimi nilikuwa nimekaa palepale nilipoambiwa nikae, kando ya beseni.

Lazima nieleze kwamba nyumbani mama alipokuna nazi nilikuwa na haki ya kubana kidogo kwa vidole viwili. Nazi mbichi iliyotoka kwenye mbuzi saa hiyohiyo, ya baridi kidogo, yenye utamu wake: kwangu ilishinda kashata. Mama alinipa ya vidole viwili tu, akanifukuza. Siku ile hakuna aliyenifukuza. Nilianza na vidole viwili. Nikaongeza vitatu. Baba alikuwa anatazama meno ya mbuzi, watu wote walikuwa wanatazama mkono wa baba, na beseni lilikuwa linajaa mbele yangu kama vile linajazwa kwa ajili yangu. Nilikula kwa konzi. Nilikula kwa mikono yote miwili. Nilikuwa na furaha kubwa, na sikuwa na wazo lolote baya.

Baba alimaliza wa kwanza. Aliinua kifuu cha sita juu, kama Bibi Maendeleo alivyoagiza, na banda likalipuka. Mama wa Mikindani aliinua chake baada yake kidogo tu, akishika kiuno na kuhema.

Mabeseni yakapelekwa kwenye mizani. Nazi zote zilikuwa zimechaguliwa za ukubwa mmoja, kwa hiyo bwana shamba alitegemea uzito usitofautiane sana. Aliyepungukiwa alionekana ameacha nazi kwenye kifuu, na alishushwa nafasi hata kama aliwahi kumaliza. Beseni la mama wa Mikindani likapimwa. La baba likapimwa. Bwana shamba akaigonga sahani ya mizani kwa kidole, akapima tena. Kisha akavichukua vifuu vya baba, akaviinua kimoja kimoja kwenye mwanga.

"Vifuu vyako ni visafi kuliko vya wote," alisema kwa mshangao wa kweli. "Sasa nazi imekwenda wapi?"

Baba alitazama beseni. Alitazama mkeka. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa na nazi kidevuni, kifuani kwenye gauni la Idi, na mkononi nilikuwa bado nimefumbata konzi moja ambayo sikuwa nimeipeleka mdomoni. Nikaificha nyuma ya mgongo. Mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja.

"Labda zangu zilikuwa changa," alimwambia bwana shamba.

Jiko likaenda kwa mama wa Mikindani. Baba akawa wa pili, akapewa beseni kubwa la bati lenye maua ya waridi, na alipokwenda kulipokea bado amejifunga khanga, wenzake wa bandarini walimbeba juu juu. Mimi nilibaki mkekani nimeduwaa. Mama wa Mikindani alikuja na khanga yake aliyorudishiwa. Aliinama, akanipangusa kidevu kwa pindo lake, akacheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika.

"Asante, mwanangu," aliniambia sikioni. "Umenipa jiko."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilishika njia ya kurudi nyumbani nikilia, beseni liko kichwani kwa baba, mkono wangu uko mkononi mwake. Hakuninyamazisha. Tulipofika kwenye miembe ya barabara ya kwetu ndipo alipouliza.

"Ilikuwa tamu?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Sema."

"Tamu."

"Basi. Nazi iliyokunwa vizuri lazima iwe tamu."

Nikamuuliza nani alimfundisha. Mama yake, alisema, alizaa wavulana watano na hakupata msichana hata mmoja. Alikuwa akiuza mkate wa kumimina Mikindani, na mikate ile ilitaka nazi nyingi. Yeye ndiye alikuwa mkubwa. Toka akiwa na umri kama wangu mpaka alipokuja mjini kutafuta kazi, alikuna nazi kila asubuhi kabla ya kwenda chuo cha Kurani, mlango umefungwa, ili wavulana wenzake wasione.

"Mama anajua?" niliuliza.

"Mama yako? Hapana." Akalisogeza beseni kichwani. "Sasa nadhani atajua."

Alikuwa ameshajua. Habari ilitutangulia, na tulipoingia uani majirani wawili walikuwa wanatoka ndani wakiziba midomo kwa khanga. Mama alikuwa amekaa kitandani, mdogo wangu kifuani. Baba alisimama mlangoni na beseni lake la maua.

"Wa pili," alisema. "Jiko limetuponyoka kidogo."

Mama hakulitazama beseni. "Miaka minane," alisema. "Miaka minane nimeolewa humu ndani. Mfungo wa Ramadhani nimekuna. Na mimba nimekuna. Siku nilipojikata kidole nikakuna kwa mkono wa kushoto, nawe umekaa pale unanitazama, unaniambia pole!"

Baba akaliweka beseni chini. Mama alijaribu kukaza uso. Akashindwa. Alianza kucheka, na kadiri alivyojaribu kujizuia ndivyo alivyozidi, hata mtoto akaamka, na bibi akaja mbio kutoka jikoni.

"Usicheke hivyo, tumbo hilo!" bibi alifoka. Lakini na yeye alikuwa amejifunika uso kwa ushungi, kwa sababu mkwe ni mtu wa kuonewa haya, na huyu mkwe alikuwa amekalia mbuzi mbele ya mkoa mzima. Hakumtazama baba jioni ile yote.

Kesho yake alfajiri, kabla baba hajatoka kwenda kazini, bibi aliweka nazi mbili na mbuzi karibu na mlango wa chumba, akageukia ukuta ndipo akasema.

"Nkwe wangu, mimi nkono unaniuma."

Baba akakuna. Alikuna nyuma ya nyumba, mlango wa uani umefungwa, nami nikakaa kando yake nikipewa ya vidole viwili tu. Alikuna siku iliyofuata, na iliyofuata. Bandarini walikuwa wameshampa jina, Mama Tui, na kwa wiki moja aliitwa hivyo kutoka getini mpaka gatini. Aliitikia kila mara kwa utulivu uleule, mpaka utani ukapoa na jina likabaki kama jina.

Siku ya arobaini mama alitoka nje, na makuli wenzake baba waliitwa kula wali. Nazi zilikuwa nyingi. Baba aliibeba mbuzi, akapita nayo uani, akaiweka barazani mbele ya nyumba, kwenye macho ya watu wote wa mtaa, akakaa. Yule aliyempigia mbinja alisimama akimtazama, akatazama tena, halafu akaomba ajaribu. Alipasua ngozi ya kidole akiwa kwenye kifuu cha kwanza. Mama akaleta kitambaa akamfunga, na baba akamwonyesha namna ya kushika.

"Usisukume kwa bega," alimwambia. "Legeza hapa, kwenye kifundo. Kiache kifuu kizunguke chenyewe."